Joho Lililochapwa Hagmatana

Mwezi wa Kitunguu Saumu, siku ya 3

Tumefika Hagmatana, mji wa Mfalme wa kiangazi. Siku ishirini na mbili kutoka Susa, nikitembea mbele ya gari la Mfalme na chetezo cha moto mikononi. Walio nyuma walikula vumbi, mimi nilikula moshi.

Kilichonikaribisha ni amri mpya ya Farnadata. Huyu ndiye Mkuu wa Mlango: hakuna mtu wala barua inayomfikia Mfalme bila kupita kwake. Sasa ameamua kwamba hata kuni za meko ya Mfalme zipite kwake. Miaka kumi na tisa natunza moto huu, sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kushika gogo. Nilipouliza sababu, akatabasamu: "Utaratibu tu, mzee."

Utaratibu! Nikinyamaza nitapasuka, nikisema nitakatwa kichwa. Baba yangu alikuwa karani na alinifundisha kuandika, kwa hiyo nitaandika, nyuma ya vipande vya ngozi ambavyo makarani wamevitupa.

Siku ya 6

Kitunguu saumu kila kona ya mji. Joho langu linanuka kama mpishi.

Siku ya 11

Mfalme ameondoka asubuhi kwenda kuwinda mlimani. Siku kumi, amesema. Alipita kwenye meko kwanza. Nikavuta mikono ya joho mpaka vidole vikapotea ndani, kama inavyompasa kila mtu mbele yake, maana mkono uliofichwa haushiki kisu. Mwaka juzi binamu yake mwenyewe alikatwa kichwa kwa kuacha mikono nje. Alisema ni joto.

"Nikirudi niukute unawaka," Mfalme akaniambia. Maneno matatu kwa miaka kumi na tisa, na yalinijaza kifua siku nzima.

Moto huu huzimwa siku moja tu, siku Mfalme anapokufa. Moshi wake ukikosekana juu ya paa la jumba, mji mzima huzima mioto yake, na miji mingine ikisikia nayo huzima, mpaka nchi yote inakuwa baridi. Kisha mfalme mpya huwasha wake. Mfalme ambaye moto wake umezimwa ni maiti, hata kama anatembea.

Ndiyo maana tuko wawili tu tunaougusa: mimi, na Datavahya, mdogo wake mke wangu Humaya. Nilimwingiza kazini mwenyewe na kumfundisha miaka sita. Funika mdomo unapoukaribia. Usiupulize kwa pumzi, upepee. Maji yasiusogelee, maana hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Ana mikono myepesi kuliko yangu, na domo ambalo halijui kupumzika.

Siku ya 19

Kuni mbichi. Nimezirudisha mlangoni kwa Farnadata mara mbili, na mara ya tatu nimeletewa zilezile.

Datavahya ana viatu vipya vya ngozi nyekundu. Nikamuuliza amevipata wapi. "Ah, shemeji, na wewe! Mtu akipendeza ni kosa?"

Siku ya 26

Hakuna habari kutoka mlimani.

Mwezi wa Joto, siku ya 1

Hakuna habari. Alisema siku kumi, leo ni ishirini. Waokaji mikate wananong'ona, walinzi wananong'ona, hata farasi nadhani wananong'ona. Mdogo wake Mfalme ameanza kunywa maji ya Mfalme, yale yaliyochemshwa yanayobebwa kwa mitungi ya fedha kutoka mto wa Susa. Anakunywa mbele za watu, na hakuna anayekohoa. Asiyekuwepo na lake halipo, kweli, lakini mimi nipo, na nimeona.

Siku ya 4

Farnadata amenitembelea mekoni. Hajawahi.

"Mzee Bagazushta, hujambo?"

"Mimi sijambo, Bwana Mkubwa. Wagonjwa ni kuni zako, zinatoa machozi tu."

Hakucheka. Akauzunguka moto huku amefunika mdomo kwa ncha ya joho, kama mcha Mungu mkubwa. "Hebu nikumbushe. Moto huu ukizimika kwa uzembe, sheria inasemaje?"

"Mtunzaji anaingia chumba cha majivu." Chumba hicho kipo nyuma ya mazizi. Kimejaa majivu laini kupita kimo cha mtu. Ukitupwa humo, kila ukijitikisa unazama zaidi.

"Na Mfalme akiwa amefariki?"

"Naonyeshwa mwili wake, au pete yake. Ndipo nauzima kwa mkono wangu."

"Basi unaijua kazi yako," akasema, na akaondoka. Sikuipenda ile "basi" yake.

Siku ya 7

Amerudi na askari wawili na uso wa msiba.

"Mfalme amefariki. Ameanguka na farasi mlimani. Zima."

"Pole sana, Bwana Mkubwa. Mwili uko wapi?"

"Unaletwa."

"Na pete?"

"Inaletwa."

"Basi vikifika nitazima."

"Unaniita mwongo?" Akasogea mpaka nikasikia pumzi yake. Kwetu hakuna tusi lizito kuliko hilo. Mtoto hufundishwa kupanda farasi, kuvuta upinde na kusema kweli, yakaisha.

"Mimi sijakutaja, Bwana Mkubwa. Umejitaja mwenyewe."

Askari mmoja alishindwa kujizuia akaguna. Farnadata akaondoka. Nikachochea zile kuni zake mbichi kwa nguvu kupita kiasi, si kwa woga. Ni hasira. Mtu aliyepewa mlango wa Mfalme auweke wazi ndiye anayeufunga Mfalme akiwa nje!

Siku ya 8

Datavahya amekula kwetu. Humaya alipika kondoo, na mimi nikaharibu kila kitu.

"Shemeji," Datavahya akaanza, mdomo umejaa mkate, "hivi unamlinda nani? Mfalme hata jina lako halijui."

"Analijua."

"Haya, taja siku aliyokuita kwa jina."

Nikasukuma mfupa pembeni ya sinia. Akaona, akaendelea. "Wakubwa wanajua wanachofanya. Wamesema zima, wewe zima. Dhambi si yako, ni ya aliyekutuma. Hivi huoni unatutia hatarini sote kwa kichwa chako kigumu?"

"Msikilize basi, Baba Roshani," Humaya akasema kwa upole. Roshani ni binti yetu, ameolewa Susa. "Huyu ni ndugu yangu, hawezi kukutakia mabaya."

Nikamwambia Datavahya kwamba viatu vyake vinanuka mlango wa Farnadata. Aliinuka bila kunawa mikono akatoka. Kondoo akapoa kwenye sinia.

Siku ya 9. Nimeiandika siku ya 12, kwa vidole viwili na kipande cha mkaa

Jua lilipokuwa kichwani niliitwa mlangoni kwa Farnadata. Nikawekwa kwenye benchi. Nikangoja. Karani wake akaniambia bwana anakula, kisha bwana amelala, kisha bwana anaoga. Nilipotazama juu ya paa la jumba sikuona moshi.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nioe.

Meko yalikuwa yamefukiwa. Rundo la majivu na udongo, limesawazishwa vizuri kabisa, kazi safi ya mtu aliyefundishwa. Koleo langu halipo. Kipepeo changu cha moto hakipo. Datavahya hayupo. Na nje nikasikia mpiga mbiu akianza, na wanawake wa mji wa chini wakipiga yowe, maana walikwisha kuona paa tupu.

Nikasimama pale kwa hasira ambayo sijawahi kuijua, na katikati ya hasira nikaelewa kitu. Udongo ulikuwa mkavu. Kumpindua mfalme hawakuogopa, kusema uongo hawakuogopa, lakini kuumwagia moto maji waliogopa! Mtungi wa maji ulikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, mlangoni pa wapishi. Wacha Mungu hao! Kila mama mwenye jiko anajua kwamba kaa lililofukiwa jivu linalala tu.

Nikafukua kwa mikono. Mkono wa kulia ukafika kwanza, kisha wa kushoto. Kulikuwa na makaa manne mazima chini kabisa. Niliyatoa moja moja nikayaweka pamoja, na sitaandika yaliniuma vipi. Mdomo wangu ulitaka kupuliza. Pumzi moja tu ingetosha, na nilikuwa na kitambaa cha mdomo meno yangu yakikitafuna. Sikupuliza. Nikavua joho, nikalishika kwa mikono ileile, nikapepea, nikapepea, mpaka matawi makavu yakashika.

Moshi ukapanda. Yowe nje likakatika, kisha nikamsikia mpiga mbiu akiulizwa na wanawake kama amelewa.

Aliyefukia namjua. Mtu mmoja tu ndiye aliyeachwa na moto, na ndiye anayesawazisha jivu kwa mtindo niliomfundisha. Humaya aliponifunga vitambaa akaniuliza nani kafanya hivi. Nikasema sijui. Nimesema uongo nyumbani kwangu mwenyewe, na hilo pia nimemwekea Datavahya hesabuni.

Siku ya 13

Datavahya haonekani. Mikono imevimba kama mikate.

Siku ya 14

Mfalme amerudi! Yu hai, amekonda, amekaa juu ya nyumbu. Homa ilimlaza kwenye hema siku zote hizo. Alituma wajumbe watano, na wote watano waliishia kwa Farnadata.

Nililia mbele ya moto kama mjinga.

Siku ya 16

Nimeitwa kesho mbele ya Mfalme. Si kushukuriwa. Farnadata amemfikia kwanza, mlango si ni wake? Amesema wajumbe hakuwaona, na kwamba moto ulizimika kwa uzembe wangu. Mji mzima uliona paa bila moshi, siwezi kukana. Nikishindwa kujibu ni chumba cha majivu.

Humaya amejaribu kunivisha joho. Mikono iliyofungwa haipiti. Tumejaribu kwa mafuta, tumejaribu kwa kufungua vitambaa. Haipiti.

Siku ya 17. Nimeiandika kwa siku mbili

Niliingia na joho mabegani, mikono yangu nje, imefungwa, inanuka mafuta ya kondoo. Nikainama mpaka sakafuni.

"Mikono!" Farnadata akapiga kelele. "Mfalme, ameingia na mikono wazi! Sheria ni moja!"

Askari wakanishika. Mfalme akainua kidole wakaniachia. Alinitazama mikono muda mrefu.

"Kwa nini hukuificha?"

"Haiingii, Mfalme. Imeungua."

"Imeungua na nini?"

"Na moto wako. Ulifukiwa, nikaufukua."

"Nani aliufukia?"

Hapo ndipo ulimi wangu ulipokufa. Nilikuwa nimelitayarisha jina siku nane. Nililitafuna pamoja na chakula, nililala nalo. Datavahya alikuwa amesimama ukutani na viatu vyake vyekundu, rangi ya jivu usoni, kwa kuwa alikuwa amelazimika kurudi kazini, na siku ile ilikuwa zamu yake kushika chetezo. Ana pua ya Humaya. Sijui kwa nini niliiona siku ile, nimemjua mtu huyu miaka yote.

Nikatazama sakafu.

"Unaona?" Farnadata akasema. "Hana la kusema, mzembe huyu."

Mfalme akahukumu. Kwa kosa la mikono wazi sitauawa, kwa sababu miaka kumi na tisa yangu ni mizito mizanini. Joho langu lichapwe viboko thelathini badala ya mgongo wangu, kama wanavyofanyiwa watu wenye heshima. Kiboko cha thelathini kikiisha bila mimi kujibu, basi niingie chumba cha majivu. Na achape nani? Akamwonyesha mtu aliye karibu na chetezo.

Datavahya akapewa mjeledi. Joho likatandikwa juu ya benchi, lile joho ambalo Humaya alilishona kwa majira mawili ya baridi, huku yeye, mdogo wake, akimshikia uzi.

Kiboko cha kwanza, majivu yakaruka kutoka kwenye pindo. Cha pili, cha tatu. Jivu lilikuwa limejaa kwenye kila mshono, likapanda, likamtua usoni, kwenye nywele, kwenye viatu. Farnadata alikuwa akihesabu kwa sauti, anafurahi. Cha saba Datavahya hakukipiga. Akaudondosha mjeledi, akapiga magoti.

"Mimi ndiye, Mfalme. Nilifukia mimi. Shemeji anajua, hataki kusema tu."

"Nani alikutuma?"

"Mkuu wa Mlango."

Farnadata akacheka. "Anamwokoa shemeji yake. Mfalme, watu wadogo hawa wanalindana kama panya."

"Koleo liko sandukuni mwake," Datavahya akasema. "Alilichukua mkononi mwangu mwenyewe. Na kipepeo."

Sanduku likaletwa. Koleo likatoka, lenye alama ya Mfalme kwenye mpini, na kipepeo, na chini yake barua tano za mlimani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hakuna aliyecheka tena.

"Kwa nini hukumwaga maji?" Mfalme akamuuliza Datavahya. Aliuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Moto haumwagiwi maji, Mfalme. Shemeji alinifundisha."

Siku ya 18

Hukumu imetoka, na natamani kuvunja kitu, lakini sina mikono ya kuvunjia.

Farnadata ameletewa mizani. Kwetu mfalme hamhukumu mtu kwa kosa moja kabla ya kupima mema yake. Babu yake alipigana vita fulani, baba yake alijenga daraja fulani, yeye mwenyewe alimpa Mfalme farasi weupe. Mema yamezidi! Anapelekwa kutawala visiwa vya chumvi kule kusini, na watumwa wake na sahani zake. Mdogo wake Mfalme hakutajwa kabisa. Leo mchana amemimina divai mezani.

Datavahya naye kapimwa. Babu yake alichunga mbuzi. Chumba cha majivu.

Nimejitupa miguuni pa Mfalme. Nimesema alikiri mwenyewe, nimesema kama angemwaga maji Mfalme angekuwa maiti leo, kwa hiyo heshima yake kwa moto ndiyo iliyookoa kiti. Nimesema chukua mema yangu yote ya miaka kumi na tisa umwekee yeye mizanini.

"Mema yako yamekwisha tumika kwako," akasema. Kisha akaamuru nipewe joho jipya, la zambarau. Na akaniita kwa jina. Aliniita Bagazuta. Jina langu ni Bagazushta.

Siku ya 20

Asubuhi wamemwingiza. Alivua viatu mlangoni akaviweka sambamba, kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu.

Siku ya 21

Sijui nimkasirikie nani kwanza. Farnadata nilimkasirikia tangu mwanzo, na hilo ni rahisi. Datavahya nilimkasirikia siku nane, na ningelitaja jina lake siku ya kwanza kama mtu angeniuliza kabla sijaiona ile pua. Mfalme? Nilimtunzia moto wake mpaka ngozi yangu ikabaki makaani. Alichoniomba ni kitu kimoja, nikakifanya. Nilichomwomba ni kimoja.

Leo nilipomaliza zamu nikateremka nyumbani. Kutoka mbali niliona paa la nyumba yangu halina moshi. Jirani yetu, mama mmoja mwenye macho ya kunguru, alikuwa amesimama barabarani anatazama juu.

Niliingia. Humaya alikuwa amekaa sakafuni, nywele wazi. Meko yetu yamefukiwa kwa jivu, limesawazishwa vizuri kama alivyokuwa akisawazisha mdogo wake. Moto hufukiwa kwa ajili ya mfalme aliyekufa, si mwingine yeyote. Kumfukia moto mtu asiye mfalme ni uasi, na mtu anayetakiwa kuripoti uasi huo ni mtunza moto.

"Karipoti," Humaya akasema bila kuinua kichwa. "Mlango uko wazi."

Nikachuchumaa mbele ya meko. Nikapitisha mkono juu ya jivu, ule wa kushoto ambao umeanza kupona. Bado kulikuwa na joto chini. Makaa matatu, labda manne. Ningeweza kuyatoa kabla hata jua halijashuka.

"Baba Roshani!" Jirani alikuwa ameshafika mlangoni. "Kulikoni? Moto wenu umezimika?"

"Kuni," nikamwambia. "Tumeletewa mbichi."

Akasimama kidogo, akanusa, akaenda zake. Joho la zambarau lilikuwa begani mwangu. Nikalivua nikamfunika nalo Humaya, kwa kuwa nyumba ilikuwa imeanza kupoa, nikakaa sakafuni kando yake. Makaa sikuyafukua.